Maji ya Kiwanda cha Maziwa: Tukubali Nini, Tukatae Nini

(Haya ni maneno ya halmashauri ya tawi yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya wenzetu waliokuwa zamu.)



Kwanza twawashukuru nyote mliokuja, na hasa ninyi wa zamu ya usiku ambao saa hii mngalikuwa mmelala. Tumewaita juu ya jambo moja tu, nalo ni maji. Wengine mtasema, tumekuja kusikia habari za mishahara, mbona twaambiwa habari za maji? Subirini kidogo. Kabla hatujamaliza mtaona kwamba ndani ya maji haya imo kazi yetu, imo afya yetu, na imo heshima yetu mbele ya majirani.

Habari yenyewe ni hii. Waajiri wetu wameleta barua kusema kwamba wanataka kujenga mitambo ya kuokoa maji yaliyokwisha tumika kiwandani, yasafishwe, yarudi kazini mara ya pili. Wametaka halmashauri itie sahihi kuwa wafanya kazi wamekubali. Hatukutia sahihi, wala hatukukataa. Tuliwajibu kwamba tutawauliza kwanza wenye mikono, maana hao ndio watakaofungua na kufunga hizo vali usiku na mchana.

Wazee walisema, maji yakimwagika hayazoleki. Methali hiyo ni ya kweli, lakini katika kiwanda cha maziwa siku hizi maji yaliyomwagika huzoleka. Maswali yanayobaki ni haya: yatazolewa na nani, yatapelekwa wapi, nani atapata faida, na yakiharibika nani atalaumiwa?

MAJI YANAKWENDA WAPI

Tutazame zamu moja. Lori la maziwa laingia asubuhi, latoa maziwa, na tangi lake lazima lioshwe. Maziwa hupashwa moto mpaka nyuzi 72 kwa muda wa sekunde 15, kisha hupozwa. Kazi ikiisha, mabomba na matangi huoshwa kwa ndani pasipo kufunguliwa. Kwanza hupita maji matupu ya kusukuma maziwa yaliyobaki. Halafu hupita kostiki ya moto, nyuzi 70 hadi 80. Halafu maji tena. Halafu asidi ya kuondoa ukoko wa maziwa. Halafu maji tena, na mwisho dawa ya kuua vijidudu au maji ya moto sana. Hesabuni wenyewe: ni maji juu ya maji, kwa kila bomba na kila tangi, kila siku. Ongezeni kreti, sakafu, boila na mnara wa kupozea.

Kiwanda kinachoendeshwa vizuri hutumia lita 1 au 2 za maji kwa kila lita 1 ya maziwa. Kiwanda kinachoendeshwa ovyo hupita lita 5. Tofauti hiyo yote huenda mtaroni, na huenda imekwisha lipiwa.

Na nchi yetu haina maji ya kuchezea. Kenya yahesabiwa miongoni mwa nchi zenye uhaba, kwa kuwa maji yake hayafiki mita za ujazo 1,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Mnakumbuka ukame ulioanza mwisho wa mwaka 2020 na kuendelea hadi mwaka 2022, ambapo mvua ilikosa misimu mitano mfululizo upande wa kaskazini na mashariki, na ng'ombe wakafa njiani wakitafuta malisho. Sisi tuishio mitaani nasi twajua, kwani maji twayanunua kwa mtungi. Ni aibu mtu kununua mtungi mmoja jioni, na mchana kutwa ameona mamia ya mitungi ikipita chini ya miguu yake.

Kwa hivyo shabaha ya waajiri si mbaya. Twalisema hili wazi, asije mtu akadhani chama kinapinga kila jambo linalotoka afisini. Lakini shabaha njema haitoshi. Lazima tuujue mpango wenyewe ndani na nje.

MAJI SI YA NAMNA MOJA

Katika barua yao wameandika neno moja tu, «maji yaliyotumika», kana kwamba yote ni sawa. Kumbe maji yaliyotumika ni ya namna nne, na kila namna ina hukumu yake.

Namna ya kwanza ni mvuke wa boila uliokwisha toa joto lake ukageuka maji tena. Haya karibu yote yaweza kurudi boilani. Yamekwisha ondolewa chumvi, tena bado ni ya moto. Mafundi wa boila wanajua kwamba maji yanayoingia yakiwa na joto zaidi kwa nyuzi 6 hivi, moto huokoka kiasi cha sehemu 1 katika 100. Basi kumwaga maji haya ni kumwaga maji na kuni pamoja.

Namna ya pili ni maji ya suuza ya mwisho. Yamepita katika bomba lililokwisha safishwa, kwa hivyo uchafu wake ni mdogo. Haya huwekwa katika tangi lake, yakatumika kwa suuza ya kwanza ya zamu inayofuata, ile ya kusukuma maziwa yaliyobaki. Kazi hii haihitaji mtambo mkubwa, yahitaji tangi, pampu, na mtu anayejua lipi ni lipi.

Namna ya tatu ni ile ambayo wenye viwanda huko ng'ambo huiita maji ya ng'ombe. Msicheke, jina hilo ni sawasawa kabisa. Maziwa, ndugu zetu, karibu sehemu 87 katika 100 ni maji. Ng'ombe aliyanywa mtoni, akaturudishia katika maziwa. Kiwanda kinapotengeneza maziwa ya unga, maji hayo hufukuzwa kwa moto. Lita 8 za maziwa hutoa kilo 1 ya unga hivi, na katika mtambo wa kuvukizia hutoka karibu lita 6 za maji. Maji mengine yaliyobaki hupeperushwa na hewa ya moto katika mnara wa kukaushia. Basi kiwanda kikivukiza lita 100,000 za maziwa kwa siku, chaweza kukinga zaidi ya lita 70,000 za maji ambayo hayakutoka kisimani wala kwa manispaa.

Jambo hili limekwisha fanywa. Mwaka 2014 kampuni ya Nestlé ilifungua mitambo ya namna hiyo katika kiwanda chake cha maziwa huko Lagos de Moreno, jimbo la Jalisco, nchi ya Meksiko, mahali penye ukame. Mvuke wa maziwa hupozwa, maji yake husafishwa, yakaoshea mitambo, kisha yakasafishwa mara nyingine kwa kazi za nje kama kumwagilia bustani. Kampuni ilitangaza shabaha ya kutochota tena maji ya chini ya ardhi kwa kazi za kiwanda hicho. Twasema haya ili mjue kwamba meneja hakuota ndoto.

Lakini maji ya ng'ombe yana tabia yake. Yakitoka huonekana meupe kama ya mvua, kumbe yamebeba chembe za maziwa. Yakiachwa tangini yakiwa vuguvugu, vijidudu huzaana upesi na maji huanza kunuka. Yataka yapozwe, yapitishwe katika chujio za utando wenye matundu madogo mno, kisha yatiwe dawa au yamulikwe kwa taa za kuua vijidudu, na yapimwe kila mara.

Namna ya nne ni maji ya sakafuni na mtaroni. Hayo yamechanganyika na maziwa, mafuta, kostiki, asidi na matope ya viatu vyetu. Yaweza kusafishwa, ndiyo, lakini kwa mtambo mkubwa na gharama kubwa. Hata yakisafishwa twaona yafae kuosha malori kwa nje na kumwagilia majani tu. Yasikaribie maziwa, wala midomo yetu.

Mwaka 2023 Tume ya Codex Alimentarius, iliyo chini ya mashirika ya FAO na WHO, ilipitisha mwongozo juu ya kutumia na kurudia kutumia maji katika viwanda vya chakula. Msingi wake ni rahisi kukumbuka: maji yafae kwa kazi yake. Yaani kwanza tazama maji haya yatagusa nini, ndipo uamue yasafishwe kiasi gani. Huo na uwe msingi wetu pia katika mazungumzo.

CHAI ILIYOTUFUNDISHA

Sasa tuje kwenye hatari. Wengine wetu hapa mbele tulifanya kazi zamani katika kiwanda kimoja, hatutakitaja jina, kilichoanza kuokoa maji ya suuza bila kumwambia mtu. Wakaweka tangi nyuma ya chumba cha kreti, wakavuta bomba, wakalipaka rangi ile ile ya mabomba mengine, na mwisho wake wakaweka mfereji. Mfereji huo ulikuwa karibu kuliko ule wa jikoni.

Basi asubuhi moja ya baridi mwenzetu akajaza sufuria ya chai hapo. Tukanywa. Mmoja akasema chai hii ina ladha ya sabuni, mwingine akasema ni majani mabaya ya bei rahisi. Kufika saa nne watu sita walikuwa wameshika matumbo, na koo zinawaka. Nyapara akasema tumekula vibaya nyumbani. Ni fundi mmoja wa mabomba aliyefuata lile bomba kwa mkono wake hatua kwa hatua mpaka akafika tangini, akatuambia tulichokunywa. Vali ilikuwa imefungwa nusu, na kostiki ilikuwa imeingia ndani ya maji ya suuza.

Kwa bahati njema kostiki ilikuwa kidogo, hakuna aliyekufa. Lakini fikirini: kama mfereji ule ungalikuwa umeunganishwa na tangi la maziwa badala ya sufuria yetu, wangalikunywa watoto wa watu. Na nani angalifukuzwa kazi? Si yule aliyechagua rangi ya bomba. Angalifukuzwa yule aliyefungua vali.

Hiyo ndiyo hatari ya kwanza, mabomba kuchanganyika. Hatari ya pili ni mnara wa kupozea. Maji yanayozunguka humo, hasa yakiwa na joto la nyuzi 20 hadi 45, hufuga bakteria iitwayo Legionella, na mtu huipata kwa kuvuta manyunyu yake. Ugonjwa wake ni wa mapafu, ulijulikana mara ya kwanza mwaka 1976 huko Philadelphia, Marekani, ulipowaua watu waliokusanyika hotelini kwa mkutano. Hatari ya tatu ni mashimo na matangi ya maji machafu. Ndani yake hutoka hewa yenye sumu, nayo humwangusha mtu, kisha humwangusha na yule aliyeshuka kumwokoa. Hatari ya nne ni dawa. Klorini ikikutana na asidi hutoa moshi wa kuua. Mitambo zaidi ya kusafisha maji maana yake ni madumu zaidi ya dawa, na madumu hayo yatabebwa na sisi.

MAJIRANI WA CHINI YA MTO

Kuna na upande wa pili wa mambo, nao watuhusu sisi wenyewe. Maziwa ni chakula chema tumboni, lakini mtoni ni uharibifu. Yakiingia majini vijidudu huyala, na katika kuyala hutumia oksijeni iliyomo, hata samaki wakakosa pumzi. Lita 1 tu ya maziwa huhitaji gramu 100 za oksijeni au zaidi ili iozeshwe. Mto mzuri una miligramu 8 hivi katika lita 1 ya maji. Piga hesabu: ile lita moja ya maziwa yaweza kumaliza oksijeni ya lita zaidi ya 10,000 za mto.

Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006, zilizotolewa chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 1999, ziliweka mpaka: maji ya kiwanda yanayoachiliwa mtoni yasidai zaidi ya miligramu 30 za oksijeni kwa lita, kwa kipimo cha siku tano. Na wanaokaa chini ya mto ni akina nani? Ni jamaa zetu, na ni wakulima wale wale watuleteao maziwa. Ng'ombe wao wakinywa maji yaliyooza, maziwa yatapungua, na kazi yetu itapungua nayo.

Tena tuangalie hila moja. Maji yakiokolewa, yale machache yatakayobaki kumwagwa yatakuwa makali zaidi, kwa sababu uchafu ni ule ule na maji yamepungua. Kiwanda chaweza kujisifu kuwa kimepunguza maji, huku mto ukipata sumu ile ile. Kwa hivyo tusikubali kuonyeshwa hesabu ya lita peke yake. Tuonyeshwe na hesabu ya uchafu.

KAZI ZETU

Sasa neno ambalo wengi mmelingojea. Je, mitambo hii itafukuza watu? Hatutawadanganya. Kazi nyingine zitapungua, hasa za wanaoosha matangi na sakafu kwa mpira wa maji. Lakini kazi nyingine zitazaliwa: kupima maji, kutunza chujio, kuangalia pampu, kuandika daftari. Twauliza tu, kazi hizo mpya zitapewa nani? Zitapewa yule aliyeosha tangi miaka 15, au kijana aliyeletwa na kontrakta kwa mshahara wa kutwa?

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kwamba mwajiri akitaka kupunguza watu, lazima achaguliwe mtu kwa haki, kwa kutazama muda wa kazi, ujuzi na uwezo. Chama na afisa wa kazi lazima wapewe habari mwezi mmoja mbele au zaidi, pamoja na sababu na hesabu ya watu. Na anayeondolewa alipwe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili alioutumikia. Hayo ni ya chini kabisa. Sisi twataka zaidi: mtu afundishwe kazi mpya kabla hajaambiwa kwamba ya zamani imekwisha.

MASHARTI YETU

Halmashauri imefikiri, nayo yawaletea masharti haya ili myakubali, myaongeze, au myakatae.

1. Mabomba ya maji yaliyookolewa yapakwe rangi yake peke yake tangu mwanzo hata mwisho, yaandikwe kwa Kiswahili, na yasiunganishwe mahali popote na maji ya kunywa.

2. Mifereji ya kunywa na ya jikoni ipate maji safi yasiyopita katika mitambo hii. Maji ya mfanya kazi si mahali pa kujaribia uchumi.

3. Maji yapimwe kila zamu, na daftari la vipimo liwe wazi kwa wajumbe wa chama, lisifungiwe katika dawati la meneja.

4. Kamati ya usalama ifanye kazi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yadai kamati hiyo popote penye watu 20 au zaidi, nasi tunapita hesabu hiyo. Kamati iuone mchoro wa mabomba kabla halijafungwa hata moja.

5. Mtu asishuke katika shimo au tangi peke yake, wala kabla hewa haijapimwa. Glavu, miwani na viatu vinunuliwe na kampuni, visikatwe mshaharani.

6. Walio kazini wafundishwe kwanza, kwa saa za kazi na kwa malipo, ndipo atafutwe mtu wa nje.

7. Mfanya kazi akifunga mtambo kwa sababu ameona au amenusa jambo baya katika maji, asiadhibiwe, hata ikionekana baadaye kwamba hapakuwa na kitu.

8. Fedha zitakazookolewa kwa maji na moto ziandikwe, na ziletwe mezani tutakapozungumza habari za mishahara.

Sharti la saba ndilo twawaomba mlishike kwa mikono miwili. Chujio laweza kutoboka, taa yaweza kuzimika, kipimo chaweza kudanganya. Mlinzi wa mwisho wa maziwa ni mtu aliyesimama pale, na mtu huyo akiogopa kalamu ya nyapara, hakuna mlinzi.

NA SISI JE?

Tukidai haki, tutimize wajibu. Mpira wa maji unaojaza ndoo ya lita 20 kwa dakika moja, ukiachwa wazi saa moja wakati wa chai, humwaga lita 1,200, yaani mitungi 60. Hakuna mtambo wa kutoka ng'ambo utakaoziba mpira huo, utazibwa kwa mkono. Vivyo hivyo maziwa yaliyobaki bombani: tukiyakinga kwanza katika ndoo, ndipo tukaosha, mtaro utapata uchafu mdogo na mto utapona. Sakafu na ifagiwe kwanza, maji yafuate. Haba na haba hujaza kibaba, na tone na tone humaliza kisima.

Tusimpe mwajiri nafasi ya kusema kwamba chama chadai maji safi huku wanachama wake wakiyamwaga.

Basi, ndugu wanachama, ushauri wa halmashauri ni huu. Maji ya boila na maji ya suuza ya mwisho tuyakubali mara moja, chini ya masharti haya. Maji ya ng'ombe tuyakubali baada ya kuona vipimo vya miezi mitatu, yakitumika kwanza kwa kazi zisizogusa maziwa. Maji ya mtaroni kurudi ndani ya kiwanda, tuyakatae.

Maswali sasa. Mtu asione haya kuuliza, hata kama aona swali lake ni dogo, kwani ile chai ilianza na mfereji mdogo. Baada ya maswali tutapiga kura kwa kuinua mikono, na barua itakwenda afisini ikiwa na maneno yenu, wala si yetu peke yetu.

Umoja ni nguvu.